Boriti ya Mwisho Kirore

Msumari wa kwanza ulitoboa sufuria la makande. Bunduki za sumaku, zile zirushazo misumari, hazina mlio wa maana, zinasikika kama mtu anayefyonza meno, kwa hiyo wapishi waliokuwa kando ya barabara walitazamana kwanza, kila mmoja akimtafuta mwenzake aliyefanya ufedhuli ule. Supu ya moto ikawachuruzikia miguuni. Msumari wa pili ulimpata bawabu wa geti, kijana mcheshi aliyekuwa amekataa kuinua kizuizi. Ulimwingia shavuni ukamtokea kisogoni, akaanguka huku filimbi ikiwa bado mdomoni.

Injinia Nakijwa Mgonja aliyaona yote mawili kutoka kwenye kibanda chake cha vioo, juu ya mnara wa chuma ulio ukingoni mwa Korongo la Kirore. Aliyaona, na hakuweza kuinua viganja vyake kutoka kwenye kioo cha amri. Mbele yake watu mia tatu walikuwa njiani na boriti.

Tuseme ukweli, mabega ya watu peke yake yasingeinua hata ncha ya boriti ile. Ilikuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira, imesokotwa kwa nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa. Kila mtu alikuwa amevaa gamba, vazi la chuma lenye nguvu za farasi kadhaa, lililombana kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Gamba husoma mizani ya mwili wa mvaaji mpaka lijifunze kusimama. Kisha injinia hubonyeza mwendo mmoja, na kuanzia hapo miguu ya watu wote mia tatu inakuwa chini ya mkono wa mtu mmoja. Mvaaji anaweza kuongea, kuimba, kulia akitaka. Kusimama hawezi. Boriti ilikuwa ikivushwa hivyo juu ya jukwaa la muda, kuelekea nguzo ya ng'ambo, na ukiitazama kwa mbali ungedhani siafu wamempata panzi.

Fedha ndizo zilizowafikisha hapo. Serikali ilijenga nguzo mpaka hazina ikakauka. Mfuko wa Upeo ukakopesha za kumalizia, kwa sharti lililoandikwa kwa adabu kubwa: kama daraja halijaungana juu ya Kirore kabla ya adhuhuri ya siku hii, njia yote na nauli zake ni mali ya Mfuko kwa miaka tisini. Watu wa milimani walielewa bila kutafsiriwa. Tangawizi ingeozea shambani huku treni inapita, na mgonjwa angeshushwa kwa machela huku treni inapita, maana nauli ingepangwa na mtu asiyewajua. Wakaitisha msaragambo, kazi ya wote kwa wote, kama babu zao walivyouitisha kuchimba mifereji. Kila kaya ikatoa mwili mmoja. Kaya isiyotoa mtu hufuatwa mbuzi wake, na mwita watu hasamehe nyumba yake mwenyewe, hiyo ndiyo sheria na haijawahi kuandikwa popote.

Nyumba ya Nakijwa, ambaye ndiye aliyewaita watu, ilikuwa imemtoa Elinami, mdogo wake wa pekee. Yeye mwenyewe ndiye aliyempanga mkiani mwa boriti, penye ardhi thabiti, karibu na masufuria, kama dada yeyote angefanya. Alijiambia kwamba hakuna atakayeona. Mama yao alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, mwiko mkononi, mkuu wa wapishi.

"Dada," sauti ya Elinami ilimjia sikioni, "kuna wageni huku nyuma, na sidhani kama wamekuja kula."

"Nimewaona. Endelea kutembea."

"Kwani nina hiari?"

Walikuwa kama ishirini, wamevaa kijivu, na kifuani walikuwa na nembo ya Mfuko. Wawili walikimbilia ngazi ya mnara wakiwa na msumeno wa kukatia chuma. Mwingine, mwanamume mnene mwenye miwani, alichukua kipaza sauti na kukohoa kwanza kama anayefungua mkutano wa wazazi.

"Injinia, habari za kazi. Naitwa Kamanda Mashauri. Naomba usimamishe shughuli."

"Siwezi," Nakijwa alijibu, na vipaza sauti vya mnara vikaitawanya sauti yake korongoni. "Lile jukwaa ni la muda. Linavumilia mzigo unaotembea. Mzigo ukikaa mahali pamoja linalegea, halafu linakatika. Nikisimamisha, nimewamwaga watu wote hawa Kirore."

"Kila injinia huniambia hivyo," alisema Mashauri bila hasira. "Kule kwenye bwawa waliniambia ukuta utapasuka. Tukazima mitambo, tukanywa chai, ukuta upo mpaka leo."

"Kamanda, nakuapia kwa Mungu."

"Na kule waliapa."

Aliwageukia watu wa mkiani, wale waliokuwa hawajafika kwenye jukwaa. "Nyie! Tueni mzigo!"

"Mzee, hatujiendeshi!" Elinami alipaza sauti ndani ya kofia ya chuma. "Hii miguu si yetu! Muulize yeyote!"

Mashauri hakumuuliza yeyote. Alimnyooshea kidole mlinzi mmoja, na mlinzi akampiga Kazeni, fundi baiskeli, msumari wa uso kupitia kidirisha cha kofia. Kioo kikanyunyizika damu kwa ndani. Kisha likatokea jambo ambalo waliotengeneza magamba hawakulifikiria, au walilifikiria wakanyamaza. Kazeni alikwisha kufa, lakini gamba lake halikuanguka. Lilipiga hatua iliyofuata, na nyingine, bega likiwa chini ya boriti, kichwa cha mwenyewe kikigonga huku na huku ndani yake.

Yule mlinzi alitupa bunduki akatapika. Mwingine akaiokota. Nakijwa alijisikia kulia na akajikataza, kwa sababu machozi yangemzibia kioo cha amri.

"Dada." Sauti ya Elinami ilikuwa imeishiwa utani. "Kazeni amekufa. Yuko mbele yangu, na anatembea."

"Namwona."

"Damu inavuja shingoni mwa gamba lake inanirukia. Dada, fanya kitu."

Nje ya mlango wa kibanda msumeno ulianza kulia, na cheche za kwanza zikapenya pembeni mwa bawaba.

*

Kitu cha kufanya kilikuwepo, na hapo ndipo penye balaa. Gamba hufungukia mgongoni. Mlango wake ndio uti wake wa mgongo, hivyo likifunguliwa linalegea palepale na mzigo wake unawaangukia jirani. Kioo cha amri kilimwonyesha Nakijwa magoti ya magamba yote mia tatu kwa rangi. Ya mkiani yalikuwa ya kijani. Ya katikati, juu ya jukwaa, yalikuwa ya njano iliyoiva. Aliuliza mtambo: nikimtoa mmoja? Ukajibu kwamba njano itabaki njano. Nikitoa wawili? Katikati pakawaka nyekundu, na mchoro wa jukwaa ukapinda.

Ilikuwepo nafasi ya mtu mmoja.

Mashauri alimpiga wa pili, mama mmoja wa Gonja aliyekuwa akisali kwa sauti. Sala ilikatika katikati ya neno. Gamba likaendelea.

"Nakijwa, mwanangu." Huyu alikuwa Mzee Senzota, mwenyekiti wa mradi, aliyevaa gamba la mbele kabisa ingawa umri wake ulimruhusu kukaa kivulini. Alikuwa juu ya utupu mtupu, akielekea nguzo ya ng'ambo. "Tumesikia. Usifungue hata mmoja. Huku mbele magoti yanalia."

"Wanauawa, mzee."

"Ninajua. Na huku tuko mia mbili na themanini na kitu. Usifungue."

Mkiani walibaki wachache walio hai. Elinami alikuwa mmoja. Nyuma yake alikuwa Naetwe, msichana wa Vudee aliyekuja badala ya mumewe mgonjwa, mwenye mtoto wa miezi mitatu aliyemwacha nyumbani kwa bibi yake. Naetwe hakuwa akiomba kufunguliwa. Alikuwa akisema jina la mtoto wake tu, tena na tena, na kila mtu kwenye njia ile ya mawasiliano alikuwa akimsikia.

Nakijwa alimpenda mdogo wake kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote. Alimlea. Alimfundisha kusoma, alimfumania na sigara ya kwanza akamficha kwa mama. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye nukta ya Elinami pale kwenye kioo. Ukasita hapo.

Watu wote mia tatu wangeona. Mwita msaragambo ana nafasi moja, anampa wa tumbo la mama yake. Na upendeleo wa kwanza alishautumia asubuhi, alipompanga mkiani. Hayo ndiyo aliyoyawaza, tusimpambe. Hakuwaza kwanza juu ya mtoto mchanga wa Naetwe. Huyo alimkumbuka baadaye kidogo, akafurahi kuwa na sababu nzuri. Na alijidanganya pia kwamba muda utatosha, kwamba Elinami yuko imara, kwamba walinzi watachoka.

Alisogeza kidole akabonyeza.

Mgongo wa gamba la Naetwe ukapasuka kama ganda la karanga. Msichana akaanguka chali, akainuka, akakimbia bila viatu. Msumari ulimchana sikio. Alipita katikati ya masufuria, na Mama Nakijwa akamdaka kwa nguo na kumsukumia chini ya gari la maji. Kisha mama akasimama wima na kuinua uso kuelekea kibandani. Alikuwa ameelewa jinsi mambo yanavyofanya kazi: yule juu anaweza kufungua. Akasubiri gamba la pili lifunguke.

"Umefungua!" Elinami alicheka kwa pumzi fupifupi. "Asante Mungu. Sasa mimi, dada, haraka, yule mwenye miwani anakuja."

"Elinami..."

"Haraka!"

"Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja."

Nakijwa alisikia hatua za gamba la Elinami, nzito, zimepangika, zikimpeleka kwenye jukwaa.

"Ukampa Naetwe."

"Ndiyo."

"Sawa," alisema Elinami. Halafu, baada ya hatua mbili, "Hapana, si sawa. Sitaki kuwa shujaa wa mtu. Dada, fungua. Dada, nakuomba! Dada!"

Alikuwa akipiga kelele, na kelele ilitoka nje ya kofia. Mashauri aliisikia. Alitembea sambamba naye, akamchungulia kwenye kidirisha, kisha akatazama juu mnarani, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na ghadhabu ya kweli, ghadhabu ya mtu aliyefanywa mjinga.

"Kumbe unaweza kuwafungua," alisema kwenye kipaza sauti. "Umenidanganya mbele ya vijana wangu. Na huyu anakuita dada." Akaweka mdomo wa bastola kwenye kidirisha. "Simamisha. Sitasema tena."

Angemwelezaje? Kwamba mmoja si mia tatu, kwamba kufungua si kusimamisha? Ilihitaji muda wa kuchora ubaoni, na mlango nyuma yake ulikuwa umebaki bawaba moja. Viganja vya Nakijwa vilibaki juu ya kioo. Boriti ilipiga hatua, na hatua nyingine. Alimsikia Elinami akivuta pumzi ili aseme kitu.

Mashauri alifyatua mara mbili.

Gamba la Elinami lilitetemeka, likajiweka sawa, likaingia kwenye jukwaa na wenzake. Na dada yake akaendelea kulitembeza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akilitembeza. Kila hatua iliyokuwa ikipigwa na maiti yule ilikuwa ni ya mkono wake.

*

Mama Nakijwa hakupiga yowe. Wapishi wenzake walisema baadaye kwamba aliweka mwiko chini taratibu, akafunga kanga kiunoni, akashika mpini mmoja wa sufuria kubwa na kumtazama jirani yake mpaka jirani akashika wa pili. Walinzi walikuwa wametazama boriti. Nani aliwahi kuwaogopa wapishi?

Makande ya moto yalimpata Mashauri mgongoni na kisogoni. Alilia kama ng'ombe. Alipogeuka, miwani imejaa maharage, mama alikuwa amekwishachomoa ukuni kwenye mafiga, na alimpiga nao usoni upande wenye kaa. Alimpiga tena. Wanawake wengine wakaja na michi, na visu vya vitunguu, na mawe, hamsini kama si sitini, kimya, na ukimya ule ndio uliowavunja vijana wa kijivu kabla hata ya vipigo. Misumari ilifyonza. Wanawake wanne walianguka na wengine wakawaruka. Mlinzi mmoja aliingia chini ya gari la maji kujificha, akamkuta Naetwe na sikio linalovuja. Naetwe alimbana koo kwa mikono yote miwili, na hakumwachia hata alipoacha kurusha miguu.

Wale wawili wa msumeno walichungulia chini, wakaona kiongozi wao akipondwa kichwa kwa mchi, zamu kwa zamu, kama wanawake wawili watwangao kinu kimoja. Msumeno ukazimika. Mmoja aliruka kutoka ngazini akavunjika nyonga, akafuatwa hapohapo alipolala. Mwingine alikaa mlangoni kwa Nakijwa akilia, akimwomba kupitia tundu alilolikata mwenyewe amruhusu aingie.

Nakijwa hakugeuka. Njano ilikuwa imekaribia nyekundu. Aliwapandisha watu wake mguu kwa mguu mpaka kwenye nguzo ya ng'ambo, akaishusha boriti kwenye kitako chake polepole, na ilipokaa juu ya nguzo korongo zima liliitikia. Adhuhuri ilikuwa bado.

"Imekaa," alisema Mzee Senzota. "Imekaa, mwanangu!" Kisha akaangua kilio.

Nakijwa alifungua magamba yote kwa pamoja. Walio hai walitoka wakipepesuka na kukumbatiana. Wengine walidondoka walivyofunguliwa.

*

Siku ya matanga, mjumbe wa wilaya alipendekeza daraja liitwe Elinami. Watu walipiga makofi, ingawa si mahali pa makofi. Mfuko ulikuwa umetoa tamko kwamba walinzi wale walikwenda kwa hiari yao, bila kutumwa. Mafundi walikuwa wameanza kutandika reli.

Nakijwa aliletwa na gari la mradi moja kwa moja kutoka kwenye mahojiano ya polisi. Aliingia ndani walikokaa wanawake. Mama yake alikuwa kwenye mkeka, viganja vimefungwa bandeji kwa sababu ya kuungua. Kulia kwake, mahali anapokaa dada wa marehemu, alikuwa Naetwe, anamnyonyesha mtoto wake chini ya kanga.

Nakijwa alipiga magoti. "Mama."

"Nilikuona ukichagua," mama alisema. Hakuinua sauti.

"Nilikuwa na nafasi ya mtu mmoja."

"Nimeelezwa. Mzee Senzota alikuja, akanichorea kwa kijiti hapo uani. Nimeelewa kila kitu."

"Naetwe ana mtoto mchanga, mama."

"Hata mimi nilikuwa na mtoto." Alimtengenezea Naetwe kanga begani ili kichanga kipate hewa. "Simlaumu huyu. Hakuomba."

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kunong'ona. Nakijwa aliona kwamba bora aulize sasa, maana asipouliza leo atauliza maisha yake yote. "Ungekuwa wewe, mama, ungefanyaje?"

"Ningemfungulia mwanangu," mama alijibu. "Halafu ningewaomba watu radhi mpaka nife. Wewe uliogopa kuomba radhi."

Nakijwa alingoja aambiwe jambo jingine, hata tusi. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Basi akainuka, akatoka nje, akatafuta kiti chini ya turubai kati ya maofisa wa mradi na watu wa redio. Aliketi. Mtu mmoja akampa mkono na kumpongeza kwa kazi nzito, naye akapokea mkono ule.

Baada ya muda Naetwe alitoka ndani, mtoto mgongoni, sahani ya wali na maharage mikononi. Alimfikia Nakijwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliinama kwa heshima, akashindwa kumtazama usoni.

"Pokea, injinia," alisema. "Mama amesema wageni waanze kula."

Nakijwa akaipokea sahani.